Unajikuna usiku na hujui kinachokuuma? Angalia kitanda na watu wa nyumbani kabla ya kununua tyubu nyingine

#1 Mleta mada, Temeke

Wakuu, salaam. Nauza dawa kwenye duka la dawa muhimu huku Temeke. Nimeamua kufungua uzi huu kwa sababu ya watu wanaokuja kaunta na tyubu tupu mkononi, wanapandisha mkono wa shati na kuniambia, "Nipe iliyo kali zaidi, hii imenishinda." Ukiangalia ngozi imechubuka, imejaa madoa meusi, na kule nyumbani hakuna aliyewahi kunyanyua godoro. Pesa imekwisha, usingizi hakuna, na mdudu yupo palepale.

Mimi huwa nauliza mambo matatu kabla ya kugusa shelfu. Unawashwa wapi? Unawashwa zaidi saa ngapi? Na nani mwingine pale nyumbani anajikuna? Mtu akijibu kwa ukweli, mara nyingi jibu linaanza kuonekana kabla sijaiona ngozi yenyewe. Madaktari wa ngozi mliomo humu, mkiona nimepotoka nirekebisheni.

Nianze na kunguni, maana wamejaa mjini: kwenye mabweni, vyumba vya kupanga, gesti, viti vya mabasi, masofa ya mtumba. Kunguni hupenda sehemu zilizo wazi, yaani uso, shingo, mikono, miguu, na mgongo kwa anayelala bila shati. Unaamka na vivimbe vinavyowasha, mara vimepangana mstari, mara vimekaa fungu. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Pitisha kidole utasikia uvimbe mgumu, na mara nyingine utaona kitobo kidogo katikati.

Linalowachanganya watu ni kwamba wanaolala kitanda kimoja hawaoti vipele sawa. Mke kajaa alama, mume hana hata moja, basi mke anaambiwa ana aleji ya dagaa. Inawezekana wote wawili wameumwa, ila mwili wa mmoja ndio ulioitikia. Tena alama zinaweza kuchelewa siku kadhaa, kwa wengine hadi wiki mbili. Kwa hiyo hata usiku wa kulala gesti Morogoro unaweza kuja kuonekana ukiwa umesharudi na umeshasahau safari.

Namna ya kumtafuta: washa tochi ya simu, simamisha godoro, fuata mshono wa pembeni pole pole kuzunguka pande zote nne. Halafu toa chaga. Angalia pale chaga zinapokalia mbao, matundu ya skrubu, nyufa za kichwa cha kitanda, mishono ya sofa, pindo la pazia, vifundo vya kamba za neti. Pitisha kadi ngumu kwenye ufa uone kinachotoka. Unatafuta vidoa vyeusi, ambavyo ndivyo vinyesi vyake. Ukivipangusa kwa kitambaa kibichi vinasambaa na kuacha rangi ya kutu. Utakuta pia magamba makavu waliyojivua na mayai meupe ya milimita moja hivi. Kunguni mzima ana milimita 5 hadi 7, ni bapa, rangi ya kahawia, na akishanyonya damu anavimba na kuwa mwekundu. Haruki wala hapai, anatembea. Anaweza kukaa miezi bila kula, ndiyo maana chumba kilichofungwa muda mrefu bado kinaweza kuwa nao.

Swali ninaloulizwa kwa kunong'onezwa: kunguni anaambukiza VVU? Hapana. Anakunyima usingizi, anakuachia vidonda vya kujikuna, anakutia unyonge, lakini virusi vya UKIMWI hakuletei.

Sasa upele. Huu ni ugonjwa wa kidudu kinachoishi ndani ya ngozi yenyewe, chini ya nusu milimita, huwezi kumwona kitandani hata utafute mwaka mzima. Jike linachimba njia chini ya ngozi na kutaga humo. Sehemu zake zinajulikana: katikati ya vidole vya mikono, vifundo vya mikono kwa ndani, makwapa, kiuno pale mkanda unapokaa, kuzunguka chuchu, makalio, sehemu za siri. Muwasho unazidi usiku ukishajifunika na mwili kupata joto. Ukiona mwanaume ana vipele vigumu vya kuwasha kwenye uume na korodani, na vidole vyake vinawasha, fikiria upele mapema.

Na hapa ndipo swali la tatu linapofanya kazi. Anayepata upele mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na muda wote huo anawapa wengine, maana unapita kwa kugusana ngozi kwa ngozi kwa muda, kama watoto wanaolala pamoja au mama na mtoto anayembeba. Kwa hiyo anayejikuna leo ni mmoja tu kati ya wenye nao. Ukimtibu peke yake, mwezi ujao yuko tena kaunta kwangu. Nyumba nzima itibiwe siku moja, hata asiyewashwa, hata dada wa kazi, hata mjomba anayelala sebuleni.

Jambo moja naomba lieleweke: upele si alama ya uchafu. Shirika la Afya Duniani liliuweka mwaka 2017 kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na kwa hesabu zake watu zaidi ya milioni 200 wanao kwa wakati wowote ule. Unafuata msongamano. Ninaumia nikiona mama anaficha mtoto asionekane madrasa, au mwanafunzi anajikuna bwenini kimya kimya mpaka vidonda vinaingia usaha. Hivyo vidonda si vya kupuuza. Bakteria wanaoingia humo wanaweza kuja kuleta ugonjwa wa figo kwa mtoto.

Nitarudi kwenye dawa. Karibuni.

#2 Mama wa mtoto mchanga

Asante sana mleta mada. Mwanangu ana miezi saba. Ana vipele kwenye viganja na nyayo, vingine vina maji, na analia usiku. Bibi yake anasema ni joto nimpake poda. Mimi mwenyewe kiuno kinaniwasha ila nilidhani ni sketi. Je, ni huo upele?

#3 Mleta mada

Dada, mpeleke kliniki kesho, na wewe uoneshe kiuno chako hukohuko. Vipele vya joto hupenda shingo, mgongo na kifua, vidogo vidogo, na mtoto akipoa vinatulia. Vya viganjani na nyayoni kwa mtoto mchanga, tena vyenye maji, na mama anawashwa kiunoni, hapo upele lazima uangaliwe. Kwa watoto wadogo unaweza kupanda hadi kichwani na usoni, jambo ambalo kwa watu wazima ni nadra.

Usimpake dawa ya mtu mzima kwa kukadiria. Ile BBE tunayoijua wengi, yaani dawa ya kupaka ya benzyl benzoate ya asilimia 25, inachoma, na kwa watoto hupunguzwa ukali kwa kiwango ambacho mtaalamu ndiye akupe. Kuna krimu ya permethrini ya asilimia 5, inayofaa kuanzia umri wa miezi miwili. Kuna mafuta ya salfa ambayo hutumika kwa wachanga na wajawazito. Vidonge vya ivermektini si vya mtoto wa chini ya kilo 15, wala si vya mjamzito.

Kwa wakubwa, dawa ya kupaka inapakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi vidoleni, chini ya kucha, kitovuni, katikati ya makalio. Watu wengi wanapaka palipo na kipele tu, na vidudu vinabaki kwingine. Ukinawa mikono, rudia kupaka mikono. Permethrini hukaa mwilini saa 8 hadi 14 ndipo unaoga, na matibabu hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Siku hiyohiyo fua mashuka, kanga na nguo za kulalia kwa maji ya moto. Kisichofulika kifunge kwenye mfuko wa plastiki zaidi ya siku tatu, maana kidudu cha upele hakiishi muda mrefu nje ya mwili wa mtu.

#4 Mchangiaji, Kisumu

Habari zenu kutoka Kenya. Naongeza mdudu ambaye watu humsingizia kuuma na wala haumi. Huku tunamwita Nairobi fly. Ni mwembamba, hafiki sentimita moja, mweusi na rangi ya machungwa kwa pete pete. Huja kwa wingi baada ya mvua, usiku anafuata taa. Mwaka 1998 baada ya mvua za El Niño walisumbua sana hapa Kenya. Ukimponda kwenye ngozi anaachia sumu, na kesho yake au keshokutwa unaona ngozi imeungua na kutoa malengelenge. Akikutua shingoni mpulize au mwache apande kwenye karatasi. Ukishamponda, osha hapo hapo kwa sabuni na maji, na usijishike machoni.

#5 Mleta mada

Asante mkuu wa Kisumu. Wagonjwa wa namna hiyo hata huku wanakuja wakisema wamepata mkanda wa jeshi. Dalili moja inayonisaidia: ikiwa imeungua kwenye kunjo la mkono, alama inakuwa pande zote mbili zinazogusana mkono ukikunjwa. Na mtu anahisi kuchoma zaidi kuliko kuwashwa.

#6 Mchangiaji, Dodoma vijijini

Huku kwetu msisahau papasi, wale kupe wa ndani ya nyumba. Nyumba za sakafu ya udongo, wanakaa kwenye nyufa. Anakuja usiku, ananyonya dakika chache, anarudi ufani, hukuti mdudu mwilini. Baadaye homa inakuja, inaondoka, inarudi.

#7 Mleta mada

Umesema jambo kubwa. Homa ya papasi inafanana na malaria kiasi kwamba watu wanapima kile kipimo cha haraka cha malaria, kinatoka hasi, wanaambiwa waende nyumbani. Kipimo hicho hakiwezi kuiona. Inaonekana kwa damu ikiwekwa kwenye darubini wakati homa imepanda. Daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alifariki Congo mwaka 1905 akiwa kwenye utafiti wa homa hii, na bakteria wake, Borrelia duttonii, amepewa jina lake. Tiba ipo, ni antibayotiki, ila mjamzito na mtoto mchanga wako hatarini zaidi, wasichelewe. Mwambie daktari wazi: "Nalala nyumba ya udongo, kuna papasi." Sentensi hiyo inaweza kubadilisha kipimo anachokuandikia.

#8 Mchangiaji, Mahenge

Na muwasho wa usubi je? Wazee wetu ngozi zimekuwa ngumu kwa kujikuna.

#9 Mleta mada

Kweli kabisa, na Mahenge mnaujua kuliko sisi. Huo unaletwa na minyoo inayoenezwa na nzi mdogo anayeuma mchana karibu na mito yenye maji ya kasi. Vijinyoo vyake vinatembea kwenye ngozi na vikifika jichoni vinapofua. Krimu haifanyi kitu. Kingatiba inayogawiwa vijijini ni ya bure, imezeni kila inapokuja hata kama huwashwi.

#10 Mwanafunzi, bweni

Mkuu, sisi tuna kunguni chumba kizima. Kuna jamaa anauza dawa kwenye chupa za maji, haina lebo, tumepuliza kwenye magodoro, tumelala humohumo. Tuliamka na vichwa vinauma na kunguni wapo. Mwingine anashauri tuweke vile vidonge vya kuhifadhia mahindi chini ya kitanda.

#11 Mleta mada

Tafadhali sana, vidonge vya nafaka USIVIWEKE chumbani. Vinatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo inaua watu waliolala, hata chumba cha jirani kama ukuta una upenyo. Waambie wenzako wote leo, usisubiri kesho.

Hiyo ya kwenye chupa isiyo na lebo nayo acheni. Nyingi ni dawa za shambani zilizochakachuliwa, zinaingia mwilini kwa kupumua na kupitia ngozi. Kichwa kuuma, mate kujaa, jasho jingi, macho kutoa machozi, mboni kuwa ndogo, kifua kubana: ukiona hayo toka nje, vua nguo zilizolowa, oga kwa sabuni, nenda hospitali na chupa yenyewe. Mafuta ya taa na petroli kwenye kitanda pia vimeunguza nyumba za watu.

Kinachomuua kunguni bila kumdhuru mtu ni joto. Mashuka, neti na nguo vichemshwe au vifuliwe kwa maji ya nyuzi 60. Vitanda vya chuma na chaga mwageni maji yanayochemka kwenye kila kiungo, mkitoa nje. Mishono ya godoro pigeni pasi ya mvuke taratibu, au mfunike godoro zima kwa foronya yenye zipu isiyo na upenyo, mliache hivyo miezi mingi. Sogezeni vitanda viache ukuta, shuka lisiguse sakafu, na miguu ya kitanda ikae kwenye makopo yenye maji ya sabuni. Zibeni nyufa kwa saruji au gundi ya mbao. Mayai huanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili, kwa hiyo kazi hii ya siku moja haitoshi, rudieni kila wiki mpaka msione hata kinyesi kipya. Na viuatilifu vingi vya jamii ya pairethroidi kunguni wa siku hizi wamevizoea, ndiyo maana mnapuliza wakatembea. Mkihitaji mpulizaji, awe amesajiliwa, na chumba kikae wazi muda atakaowaambia. Vyumba vya pande zote vifanyiwe kwa pamoja, la sivyo mnahamishiana.

#12 Mchangiaji, Mombasa

Ndugu zangu, mimi nimetafuta kote. Kitanda sijaona kitu, mke na watoto hawajikuni, kipele hakuna. Mwili wote wawasha tu, hasa baada ya kuoga na usiku. Umri wangu hamsini na kitu. Huyu ni mdudu gani?

#13 Mleta mada

Kaka yangu, huenda hakuna mdudu hapo. Ngozi inayowasha bila kipele, mbali na makwaruzo uliyojikuna mwenyewe, inataka tuangalie ndani ya mwili. Kwanza lililo jepesi: ngozi kavu. Umri ukisogea mafuta ya ngozi yanapungua. Acha maji ya moto na sabuni kali, oga haraka, ukitoka jipake mafuta mazito mwili ukiwa bado na unyevu. Ukifanya hivyo wiki mbili tatu bila nafuu, nenda ukapime figo, ini, sukari, tezi ya shingo, picha kamili ya damu na kiwango cha madini ya chuma. Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa mweusi, ukipungua uzito, ukilowa jasho usiku au ukiota mitoki, usisubiri hizo wiki. Orodhesha pia dawa unazotumia. Wakubwa wenzangu mnakumbuka klorokwini ilivyotuwasha mwili mzima kabla Tanzania haijaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Dawa nyingine nazo huweza kuwasha.

Wajawazito mnaosoma: viganja na nyayo vikiwasha sana miezi ya mwisho bila kipele, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, maana inaweza kuwa ini, na mtoto tumboni anaweza kudhurika.

Na kwa vijana: vipele vigumu vinavyowasha mikononi na miguuni, vinavyotoka na kurudi miezi na miezi na kuacha madoa meusi, nendeni mkapime VVU. Watafiti waliochunguza ngozi za wagonjwa wa namna hiyo nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2004, walikuta vipele vingi vinafanana na alama za kuumwa na wadudu. Yaani kinga ikishuka, mwili unaitikia kuumwa kwa kawaida kwa ukali usio wa kawaida. Wengi wakianza dawa za kufubaza virusi ngozi inatulia.

#14 Mchangiaji, hakutaja mahali

Mimi nahisi wadudu wanatembea chini ya ngozi. Nimehifadhi vijinyuzi na vipande kwenye kikopo, zahanati waliviangalia wakacheka. Nimeshajipaka jiki na mafuta ya taa. Nimechoka.

#15 Mleta mada

Pole sana. Hawakupaswa kukucheka. Muwasho wako ni wa kweli, na kukosa usingizi kwa muda mrefu kunamaliza mtu. Naomba kwanza uache jiki na mafuta ya taa leo hii, vinachoma ngozi na kuongeza muwasho. Kopo lako lipeleke hospitali yenye kliniki ya ngozi na uombe viangaliwe kwa darubini. Waliosomea ngozi wapo: pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi wa kanda hii kilichofunguliwa mwaka 1992, na waliopita hapo wanafanya kazi kwenye hospitali nyingi za mikoa.

Wakikuta kidudu, utatibiwa. Wasipokikuta, usikubali waishie hapo. Sukari, tezi, upungufu wa vitamini B12 na baadhi ya dawa huleta hisia ya kutambaliwa. Upo pia ugonjwa ambao hisia hiyo inatoka kwenye mfumo wa fahamu, daktari wa Sweden Karl-Axel Ekbom aliueleza mwaka 1938, na una dawa zake. Ukiambiwa umwone daktari wa akili, nenda bila woga. Una mtu wa kukusindikiza? Ukipenda niandikie faragha tutafute hospitali ya karibu na ulipo.

#16 Mchangiaji, Kigoma

Kifupi tu: nguo zilizoanikwa nje kivulini au majanini pigeni pasi zote, hadi nepi na chupi. Kuna nzi anataga humo, na vibuu vyake vinaingia kwenye ngozi na kuwa majipu yanayochezacheza. Msiyakamue kwa nguvu. Funika tundu kwa mafuta mazito, akikosa hewa anachomoza.

#17 Mama wa mtoto mchanga

Mleta mada, nimerudi. Kliniki wamesema ni upele. Wametupa dawa sote, na baba yake na bibi, tumepaka jana usiku pamoja. Bibi alikataa kidogo ila amekubali. Lakini leo mtoto bado anajikuna. Nimpake tena?

#18 Mleta mada

Usimpake tena kabla ya tarehe mliyopewa. Vidudu vikishakufa, mabaki yake yanabaki kwenye ngozi na muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne. Kupaka kila siku kunachubua ngozi, halafu muwasho wa dawa unadhaniwa ni upele. Mkate kucha ziwe fupi, na uulize hapohapo kliniki kama anaweza kupata dawa ya kutuliza muwasho kwa umri wake. Ukiona njia mpya au vipele vipya baada ya wiki nne, au vidonda vina usaha, au mtoto ana homa, rudi nao wote. Je, kuna mtoto mwingine anayelala naye? Naye aangaliwe wiki hii.